Afadhali Diski ya Mtumba Yenye Ukweli

Wasee, niwaulize kitu. Ukiwa Gikomba uone raba zinaitwa "mpya" na bei ni nusu, si kwanza unageuza soli uone kama zimekanyagwa? Hakuna mwalimu alitufundisha hiyo, mtaa ndio ulitufundisha. Mtu wa Nairobi ananusa mtumba akiwa ng'ambo ile ya barabara. Lakini mtu huyo huyo akiona diski ya kompyuta imepunguzwa bei, anatoa simu, anatuma pesa, anaenda zake akipiga mluzi. Hageuzi soli. Mimi pia sikugeuza, na ndio maana naandika hii.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usisome hadi chini ukiutafuta. Diski ya bei ya chini si dhambi. Kwangu nyumbani sina hata diski moja niliyonunua kwa bei kamili. Shida ni kununua ukiangalia vitu viwili peke yake, bei na ukubwa, halafu unaweka maisha yako yote ndani ya hiyo moja. Na ukinipa nichague kati ya diski ya mtumba ambayo najua imepiga kazi miaka mitatu, na ile "mpya" ya bei ya kushangaza ambayo hakuna anayejua imetoka wapi, nachukua ya mtumba mchana kweupe.

2022 nilikuwa nimeanza kupiga video za harusi na ruracio wikendi. Mwezi wa kumi na moja, ile wiki kila duka limejaza mabango mekundu, nikanunua diski ya tera mbili kwa duka moja mjini, bei imekatwa asilimia arobaini. Ilikuwa imefungwa kwa plastiki, ina stika, inang'aa. Nikajiona mjanja sana. Mwezi uliofuata nikapata harusi moja Murang'a. Niliwapa wenyewe ile video fupi ya dakika kumi, wakafurahi, wakamaliza salio. Kazi yote nzima, karibu masaa sita, ikabaki kwa diski.

Miezi saba baadaye bwana harusi akanipigia. Baba mkwe wake alikuwa amefariki. Sasa siku ya harusi huyo mzee alikuwa ametoa hotuba ya kama robo saa hivi, anachekesha watu, anasimulia vile binti yake alizaliwa usiku wa mvua na gari la jirani likakwama kwa matope. Kwa video fupi nilikuwa nimeweka sekunde ishirini tu. Familia ilitaka hotuba yote, waicheze siku ya mazishi. Nikamwambia hakuna shida, nipe hadi jioni. Nikaunganisha diski. Ikafanya tik, tik, tik, halafu kimya.

Kama hujawahi kusikia hiyo sauti, shukuru Mungu wako.

Nilipeleka kwa fundi wa kuokoa data. Akaifungua, akanionyesha vile kichwa cha kusomea kimekwaruza sahani, duara limechongeka kabisa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga. Hapo hakuna kitu cha kuokoa. Halafu akageuza diski akaniuliza, "Buda, hii ulinunua lini?" Nikamwambia mwaka jana. Hakusema kitu, aliweka tu kidole kwa stika. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa 2015. Iko hapo, imeandikwa, inasomeka. Miezi saba nilikuwa na hiyo kitu kwa meza na sikuwahi kuisoma.

Niliwarudishia pesa yao yote, elfu thelathini, hata kama hakuna aliyeniuliza. Mamake bibi harusi alinitumia ujumbe mmoja tu: "Sawa mwanangu." Hiyo "sawa" hainitoki.

Baada ya hapo ndio nikaanza kujenga hiki kisanduku changu. Kama hujui, kuna kitu kinaitwa NAS. Ni kompyuta ndogo inayokaa karibu na ruta, ina diski ndani, na kila mtu kwa nyumba anaifikia kwa waifai. Ukifika nyumbani simu inamwaga picha zake huko yenyewe. Unaweza kununua iliyo tayari, kama za Synology au QNAP, ama ufanye vile nilifanya: unachukua kompyuta ya ofisi ya zamani, zile zinaletwa kutoka Uingereza, unaweka programu ya bure kama TrueNAS au OpenMediaVault, basi. Hiyo sehemu YouTube itakufundisha kwa jioni moja.

Najua kuna mtu tayari anasema, si ulipie tu hifadhi ya wingu uache stori. Lipia, kama zako ni picha na noti za chuo. Mimi kamera yangu ikirekodi kwa kasi ya megabiti mia kwa sekunde, saa moja ya video ni giga arobaini na tano. Intaneti ya keja ikipandisha megabiti kumi kwa sekunde, hizo giga zinachukua masaa kumi. Kwa saa moja ya video! Na kila mwezi unakatwa pesa, upate kazi usipate. Kwa mtu anayefanya kazi ya video, wingu ni ya kuweka vitu vichache vya muhimu sana. Zingine zinalala nyumbani.

Sasa, mashine si kazi. Pesa inaenda kwa diski, na hapo ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kitu cha kwanza nataka ujue ni kwamba kila diski iko na daftari lake. Inajiandikia yenyewe: imewaka masaa mangapi, imezimwa na kuwashwa mara ngapi, sehemu ngapi zimeharibika ikabidi ihamie kwingine. Hilo daftari linaitwa SMART na kulisoma ni bure. Kwa Windows kuna programu inaitwa CrystalDiskInfo, kwa Linux kuna smartctl. Mimi naangalia masaa, halafu naenda moja kwa moja kwa namba 5, namba 197 na namba 198. Namba 5 ni sehemu ambazo diski imezikimbia kwa sababu zimekufa. 197 ni zile inazishuku, bado haijaamua. 198 ni zile imejaribu kuzisoma ikashindwa. Zote tatu zinafaa kuwa sifuri. Si "ndogo". Sifuri. Muuzaji akikuambia "hiyo moja si kitu," muulize kama na mia mbili aliyokuzidishia pia si kitu.

Ukiona namba 199 imepanda, usikimbie haraka. Mara nyingi hiyo ni kebo mbovu, si diski. Na diski za Seagate zinaonyesha namba kubwa za kutisha kwa mstari wa makosa ya kusoma, kama milioni mia moja na kitu. Ni vile zao zinahesabiwa, usipige nduru dukani. Kitu kingine kilichonichanganya mwanzo: kwa CrystalDiskInfo ile safu ya mwisho inaandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hivyo ukiona 10 hapo, ni kumi na sita. Ingia kwa mipangilio ubadilishe iwe hesabu yetu ya kawaida.

Masaa yenyewe unayasomaje? Mwaka mmoja uko na masaa 8,760. Diski iliyowaka masaa 25,000 imefanya kazi bila kulala kwa karibu miaka mitatu. Watu wakiona hiyo wanaogopa. Mimi siogopi sana. Kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, inayohifadhi data za watu kwa maelfu na maelfu ya diski, imekuwa ikitoa takwimu zake hadharani tangu 2013, kila diski inayokufa inahesabiwa. Mwaka wa 2023 zilizokufa zilikuwa kama asilimia 1.7 kwa mwaka, na 2024 kama 1.57. Diski si maziwa, haigandi siku ikifika. Iliyofanya kazi miaka mitatu bila kuhamisha hata sekta moja imeshapita mtihani ambao ile ya kwa boksi bado haijafanya. Lakini lazima ujue ni miaka mitatu. Hiyo "lazima ujue" ndiyo sijaona watu wakiizungumzia.

Kwa sababu kuna wale wanalifuta daftari.

Mwanzo wa 2025 kulikuwa na kashfa kubwa Ujerumani. Tovuti ya teknolojia ya huko, Heise, iliandika kuhusu watu walionunua diski za Seagate Exos kama mpya, kwa maduka ya heshima, wakakuta zimetumika maelfu ya masaa. SMART ilionyesha sifuri, zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Kilichowaumbua wezi ni kwamba Seagate wanaweka daftari la pili ndani zaidi, linaitwa FARM, na hilo wengi hawakuwa wamekumbuka kulifuta. Ukilisoma unapata ukweli: masaa elfu kumi na tano, elfu thelathini, hata zaidi. Wachunguzi wakasema nyingi zilionekana kutoka kwa mashamba ya kuchimba sarafu ya Chia huko China. Unakumbuka 2021 wakati diski zilipanda bei dunia nzima? Chia ndiyo ilikuwa inachimbwa kwa diski, haikuchimbwa kwa kadi za michezo. Faida ilipoisha, hizo diski zikabaki zinatafuta mtu wa kuzinunua. Baadaye mwaka huo huo maafisa wa Malaysia wakaingia ghala moja karibu na Kuala Lumpur, wakakuta mamia ya diski zinasafishwa na kuwekwa stika mpya.

Fikiria hapo kidogo. Kama Mjerumani na risiti yake na duka lake la heshima aliuziwa hizo, wewe unayenunua kwa picha ya WhatsApp uko wapi?

Kwa hivyo ukishika Seagate, soma madaftari yote mawili. Kwa smartctl toleo la 7.4 kwenda juu unaandika `smartctl -l farm` halafu jina la diski, unalinganisha masaa. Yakipishana sana, rudisha hiyo kitu mezani polepole, sema asante, ondoka. Na plastiki isikudanganye. Plastiki ya kufungia na mashine ya kupulizia moto, mtu yeyote anaweza kuwa nayo. Yangu ilifungwa vizuri kuliko zawadi ya Krismasi.

Kuna uongo wa aina nyingine, na huu haukufanywa na wezi. Ulifanywa na kampuni yenyewe. Kuna diski zinaandika data kwa njia inaitwa CMR na zingine kwa SMR. CMR ni mistari inayokaa kando kando, kila mmoja na nafasi yake. SMR ni kama mabati ya nyumba: bati moja limelalia lingine kidogo ndio yatoshe mengi kwa paa dogo. Sasa ukitaka kubadilisha bati la chini, lazima uinue la juu, na la juu yake, na la juu yake. Kuandika mara moja na kuacha, hakuna shida. Kuandika na kufuta na kuandika tena, diski inachoka, inakuwa polepole kama foleni ya Mombasa Road Ijumaa jioni.

2020 ndio ikajulikana kwamba Western Digital walikuwa wameweka SMR ndani ya diski zao za Red za tera mbili hadi sita, zile zinauzwa mahsusi kwa NAS, bila kumwambia mtu. Watu walianza kuona diski zinatupwa nje na mashine zao bila sababu. Tovuti ya ServeTheHome ilipojaribu kujenga upya kundi la diski kwa kutumia moja ya SMR, kazi ilichukua zaidi ya siku tisa, na zile za CMR zilimaliza chini ya siku moja. Wateja Marekani wakaenda kortini, na kampuni ikaanza kuandika wazi ni gani ni gani. Siku hizi Red Plus ni CMR, Red ya kawaida ni ya kuangalia mara ya pili.

Inakuhusu kwa nini? Kwa sababu ukiona diski mpya kabisa, halali, kutoka duka la ukweli, na bei yake iko chini kuliko zingine za ukubwa ule ule, mara nyingi jibu ni SMR. Haujaibiwa. Lakini umenunua pikipiki ya kubeba mtu mmoja ukidhani utaifanya bodaboda ya watatu. Chukua namba ya modeli, ile ndefu ya herufi na tarakimu, itafute kwa tovuti ya kampuni kabla hujalipa. Dakika mbili.

Haya, twende Luthuli.

Kama uko Nairobi, diski ambayo utaipata kwa wingi kwa bei nzuri ni ile ya CCTV. WD Purple, Seagate SkyHawk. Hii ni nchi ya kamera, kila kiosk, kila ploti, kila chumba cha mchezo wa pool kuna kamera, na mtu akibadilisha mfumo diski yake inarudi sokoni. Watu wengi wa mtandaoni watakuambia hizo si za NAS. Mimi nazitumia. Zimetengenezwa kuwaka usiku na mchana, hazipigi joto sana, na nyingi ni CMR, ingawa bado utaangalia modeli. Zilitengenezwa kwanza kwa kurekodi mfululizo, sawa, lakini kuweka video za kamera ya mlangoni na kuweka video zangu za harusi, tofauti ni ndogo kuliko vile wanasema. Zangu mbili za tera nne nilizipata kwa elfu saba kila moja. Mpya ya ukubwa huo, siku hiyo hiyo, mtaa huo huo, nilitajiwa elfu kumi na tano na mia tano.

Nilienda na laptopu na adapta. Hapa kuna kitu kidogo watu hawajui: diski kubwa ya inchi tatu na nusu haiwaki na ile adapta ya kawaida ya USB peke yake, inahitaji ile iko na waya wake wa kuingia kwa soketi. Nunua hiyo, ibebe. Jamaa wa kwanza aliponiona natoa adapta akacheka. "Kastoma, wewe ni polisi ama?" Nikamwambia, hapana mkubwa, nimewahi kuumwa. Alikataa nisiunganishe. Nikaenda duka la tatu kutoka hapo, kijana akanipatia kiti na soketi, akasema, "Angalia hata zote." Ya kwanza ilikuwa na sekta arobaini na kitu zimehamishwa, akaiweka kando bila kubishana. Ya pili masaa 21,000, sifuri tatu zote. Ya tatu masaa 26,000, sifuri pia. Nikachukua hizo mbili, akaniandikia waranti ya mwezi mmoja kwa risiti na namba za diski. Huyo kijana mimi ni mteja wake hadi leo. Muuzaji anayekuruhusu kupima ameshakuambia mambo mengi bila kufungua mdomo.

Mwezi mmoja si mrefu, kwa hivyo usiuharibu. Ukifika nyumbani usiweke faili hata moja. Kwanza jaza diski yote, isome yote. Kwa Linux kuna badblocks, kwa Windows hata ile fomati ndefu inasaidia. Diski ya tera nne kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde inahitaji karibu masaa saba na nusu kuandikwa mara moja, na mengine kama hayo kusomwa. Iache usiku. Asubuhi soma zile namba tatu tena. Zikiwa bado sifuri, sasa ni yako. Zikipanda, panda matatu urudi mjini na risiti.

Halafu, tafadhali, ukikuta video za mtu ndani, futa. Ya pili yangu ilikuwa na wiki tatu za duka la mtu la vipodozi, wateja wanaonekana sura. Sikutazama zaidi ya kujua ni nini. Na wewe ukiuza yako, ijaze na takataka kwanza. Kufuta kwa kawaida hakufuti kitu.

Kuna bei zingine utaziona mpaka ushangae, tera nne kwa bei ya moja. Uliza kama ni SAS. Hizo ni za seva za makampuni, nzuri sana, lakini mdomo wake haungii kwa kompyuta ya kawaida bila kadi maalum. Zinafanana na SATA ukiwa mbali, ukikaribia utaona SATA iko na pengo katikati ya sehemu mbili za kuunganisha, na SAS limezibwa. Rafiki yangu ako na nne kwa droo, anazitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Na kuna ile ujanja ya kununua diski ya nje ya USB ikiwa imepunguzwa bei, unavunja ganda unatoa iliyo ndani. Kwa zile kubwa za mezani inafanya kazi, ingawa zingine zitakataa kuwaka hadi uzibe pini ya tatu ya umeme kwa kipande cha tepu, na ukishavunja waranti utakuwa na kazi kuidai. Kwa zile ndogo za mfukoni za WD usijaribu, mlango wa USB umejengwa kwa saketi yenyewe.

Flashi ya tera kumi na sita kwa elfu mbili? Hiyo sitaizungumzia. Mnajua.

Narudi kwa diski yangu ya 2015, kwa sababu nimeifikiria sana. Kweli duka lilinidanganya. Lakini hata kama ingekuwa mpya, halali, ya bei kamili, bado ingeweza kufa hiyo siku. Ile asilimia moja na nusu ya Backblaze ni diski nzuri zinazotunzwa na watu wanaojua kazi, na bado zinakufa. Mzee wa Murang'a hakupotezwa na punguzo la bei. Alipotezwa na mimi kuwa na nakala moja. Ndio maana nikiona mtu amejinyima amenunua diski moja mpya ya tera nane ya bei ghali, namuonea huruma kuliko yule wa mtumba mbili za nne. Mbili zinaandika kitu kimoja kwa pamoja, moja ikifa nyingine inaendelea, unabadilisha. Na usizinunue zote kutoka kwa mashine moja. Zilizozaliwa pamoja, zikafanya kazi pamoja, zinaweza kuzimia pamoja.

Na hata hizo mbili si nakala ya akiba. Hapa nitasema kwa sauti. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kwa zote mbili papo hapo. Virusi vikiingia, vinaingia kwa zote. Mwizi akiingia, habebi moja. Zile mbili zinakulinda na diski kufa, basi, zingine zote zinataka nakala mahali pengine.

Stima pia. Ikipotea katikati ya kuandika, na mtaani kwetu inapotea wiki ikitaka, faili zinaweza kuharibika bila diski kuwa na kosa. Nina UPS ya mtumba, betri nilibadilisha, inanipa dakika kumi na mbili za kuzima vizuri. Na bili? Diski moja ikila wati saba usiku na mchana ni kama yuniti sitini na moja kwa mwaka. Ukihesabu yuniti kwa shilingi thelathini, ni kama 1,840. Mbili ni chini ya elfu nne kwa mwaka. Weka hiyo kwa hesabu kabla hujasema umeokoa.

Kitu kimoja kwa wauzaji, kwa sababu najua wengine wenu mnasoma. Mnapenda kuandika kwa risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mteja ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Hizo mistari mbili za risiti haziwezi kushinda Katiba. Hatuwaambii msiuze mtumba. Tunanunua mtumba kila siku, nguo, viatu, magari, hata friji. Andika tu "imetumika, masaa 21,000" kwa stika na uweke bei yako. Mimi nitakuja, na nitakuja na wenzangu. Anayeandika "mpya" juu ya kitu cha 2015 ndiye anatuharibia sisi sote, pamoja na huyo kijana wa kiti na soketi.

Jumamosi naenda Nakuru kwa dadangu. Kwa begi nimeweka diski ya tatu, ya tera moja, ya zamani lakini namba zake ni sifuri, nimeifunga kwa sweta ndani ya sweta. Ina harusi zote za miaka miwili. Itakaa kwake juu ya kabati, nitakuwa naibadilisha kila nikienda kumsalimia. Ameshaniambia nisisahau kubeba pia mkate na majani ya chai, kwa hivyo begi halina nafasi tena.